Sungura Alitaka Nini? Vidokezo 12 vya Kumfundisha Mtoto Kutambua Tatizo na Suluhisho Katika Hadithi

Mpe mtoto wa darasa la tatu hadithi fupi aisome kwa sauti. Huenda akasoma vizuri, mstari hadi mstari, bila kukwama. Kisha muulize, "Humu tatizo lilikuwa nini?" Wengi watakujibu, "Ni hadithi ya Sungura na Fisi." Maneno wameyasoma, kisa hakijawaingia. Na hao ndio wenye nafuu. Utafiti wa mwaka 2010 wa Uwezo, mpango wa kupima ujuzi wa watoto wa kusoma na kuhesabu, ulionesha kwamba katika kila watoto 10 wa darasa la tatu nchini Tanzania, kama 3 tu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Tangu hapo juhudi kubwa imewekwa katika KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na ilistahili kuwekwa. Lakini kusoma hukamilika pale mtoto anapoweza kueleza nani alipatwa na nini, akafanya nini, na ikawaje.

Chukua mfano wa Kakese, kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Nyumba nyingi za vijijini hazina rafu ya vitabu, lakini bibi na babu wapo, jioni ipo, na kila msimu unakuja na shida zake zinazotafutiwa dawa. Kwa somo hili, hivyo vinatosha kabisa. Vidokezo vifuatavyo ni vya mzazi, mwalimu, dada na kaka mkubwa, na yeyote anayekaa na watoto. Havihitaji fedha. Vinahitaji masikio yako na subira kidogo.

1. Anza na swali la "anataka nini?"

Neno "tatizo" ni zito kwa mtoto wa miaka sita au saba. Ukimuuliza tatizo, atatafuta jambo lolote baya lililomo: mtu aliyelia, mnyama aliyekufa, mvua iliyonyesha. Muulize hivi: Nani tunamfuata humu? Anataka nini? Nini kinamzuia?

Akishajibu maswali hayo matatu, tatizo keshalitaja mwenyewe, hata kama neno lenyewe hakulitumia. Hadithi karibu zote huanza pale mtu anapotaka kitu na njia ya kukipata ikawa imefungwa. Asiyetaka chochote hana tatizo, na kisa chake hakisogei. Ukichukua kidokezo kimoja tu katika makala haya, chukua hiki. Vingine vyote vinakitegemea.

2. Tumia vidole vitano vya mkono

Mtoto haachi mkono wake nyumbani, kwa hiyo mpe kila kidole swali lake:

- Kidole gumba: Nani?
- Kidole cha shahada: Alitaka nini?
- Kidole cha kati: Lakini nini kilimzuia?
- Kidole cha pete: Kwa hiyo akafanya nini?
- Kidole cha mwisho: Mwishowe ikawaje?

Jaribuni na kisa cha Kima na Papa, ambacho Edward Steere alikiandika Zanzibar na kukichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake *Swahili Tales*. Kima anakaa juu ya mkuyu ulio ufukweni na kumtupia Papa matunda. Urafiki unakua, Papa anamwalika Kima kwao, Kima anapanda mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari, Papa anafichua siri: sultani wao anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba moyo ameuacha mtini, laiti angeambiwa mapema angekuja nao. Papa anageuza njia ili waufuate. Kufika ufukweni, Kima anaruka mtini na harudi tena.

Kwa vidole: Kima. Alitaka kubaki hai. Lakini yuko mgongoni mwa Papa, katikati ya maji, na hajui kuogelea. Kwa hiyo akasema moyo ameuacha nyumbani. Mwishowe akarudishwa ufukweni akaokoka. Sentensi tano tu, na hadithi nzima imo. Mtoto akizizoea, hata ule ufahamu wa Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hautamtisha, kwa sababu ataingia chumba cha mtihani akijua anachokitafuta.

3. Tumia kwanza hadithi ambayo tayari anaijua

Kosa la haraka ni kumpa mtoto hadithi mpya na ujuzi mpya kwa wakati mmoja. Anahangaika na majina na maneno magumu, na akili ya kutafuta tatizo haibaki. Mpe hadithi aliyoisikia mara nyingi hata anakusahihisha ukiruka sehemu. Akiwa hana wasiwasi na kisa, macho yake yatatulia kwenye swali.

Hadithi ya kisima inafaa sana, nayo inasimuliwa kwa namna nyingi Afrika Mashariki. Ukame umeingia, mito imekauka. Wanyama wanakubaliana kuchimba kisima kwa pamoja. Sungura anakataa kufanya kazi, basi wanyama wanaamua kwamba hatakunywa. Kila usiku anakuja kuiba maji. Fisi anawekwa mlinzi, Sungura anamhadaa kwa asali. Mlinzi mwingine naye anadanganywa. Mwisho Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kujificha majini. Sungura anakanyaga anachodhani ni jiwe, mguu unanasa.

Mtoto wa Kakese anaielewa hadithi hii bila maelezo marefu. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na baada ya hapo anaona kwa macho yake jinsi maji yanavyopungua mwezi hadi mwezi.

4. Uliza tatizo la kila mhusika

Hapa ndipo hadithi ya kisima inapoonesha utajiri wake. Muulize mtoto, "Tatizo ni nini?" Atasema, "Hakuna maji." Mpongeze, kisha endelea: hilo ni tatizo la nani? La wanyama wote. Je, Sungura baada ya kukatazwa ana tatizo gani? Maji yapo, ila yeye haruhusiwi kuyanywa. Na Fisi, aliyepewa ulinzi? Anataka kulinda, lakini pia anataka asali.

Gawanyeni watoto. Huyu awe Sungura, yule Kobe, wale wengine wanyama waliochimba. Kila mmoja aseme kwa kinywa chake, "Mimi nataka… lakini…" Kwa mara ya kwanza mtoto ataona kwamba suluhisho la mmoja laweza kuwa tatizo la mwingine. Sungura akipata maji, wanyama wameibiwa. Mtoto anayeliona hilo katika hadithi ataliona pia pale wawili wanapogombania mpira mmoja uwanjani.

5. Simamisha hadithi kabla ya suluhisho

Msimulizi mzuri anajua mahali pa kunyamaza. Fika pale Papa anaposema kuhusu moyo wa kima, kisha nyamaza. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Waache watoto wafikiri. Mmoja atasema arukie majini. Muulize mwenzake kama kima anaweza kuogelea. Mwingine atasema ampige Papa. Muulize, Papa akizama, Kima atabaki juu ya nini?

Usiharakishe kutoa jibu la hadithi. Wakati huo wa kimya ndio wakati mtoto anapoubeba mwenyewe mzigo wa Kima, na ukija kusimulia hila ya moyo ulioachwa mtini, ataipokea kwa furaha ya mtu aliyekwishahangaika nayo. Kama kuna mtoto aliyetoa suluhisho jingine zuri, lihifadhini. Kesho simulieni hadithi kwa suluhisho lake na muone itaishia wapi.

6. Hesabuni majaribio yote, hata yaliyoshindwa

Watoto wengi hukimbilia mwisho wa hadithi na kusahau jasho lililotangulia. Wafundishe kuuliza: alijaribu nini kwanza? Kwa nini hakikufaa? Kisha akajaribu nini?

Shamba la mpunga ni mwalimu mzuri wa jambo hili. Mpunga unapoanza kujaza punje, ndege huja, na kweleakwelea wakivamia kwa makundi wanaweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Watoto hupelekwa kuamia. Basi tungeni kisa pamoja: Mtoto anaamia jaluba la baba yake. Kwanza anapiga kelele. Ndege wanaruka na kutua upande wa pili. Anasimamisha sanamu ya kutisha iliyovishwa shati kuukuu. Siku ya kwanza ndege wanaogopa, siku ya tatu wanatua juu ya mabega yake. Anafunga makopo kwenye kamba ndefu, anakaa kivulini na kuivuta. Makopo yanalia kila upande kwa pamoja. Hapo ndege wanahama.

Chora mistari mitatu ardhini, mmoja kwa kila jaribio. Mwambie mtoto akae kwenye kila mstari na kueleza kwa nini njia ile haikutosha au ilitosha. Atajifunza kwamba kushindwa mara moja ni sehemu ya kutafuta, na kwamba jaribio la pili huwa bora kwa sababu la kwanza limetufundisha kitu. Hilo ni somo la kusoma, na ni somo la maisha pia.

7. Tenganisha tatizo na tukio

"Mvua ilinyesha." Hilo ni tatizo? Muulize mtoto: kwa nani, na lini? Mwezi Novemba mkulima anayesubiri kuotesha miche anaishukuru mvua hiyo. Mvua hiyohiyo ikimkuta mama aliyeanika mpunga kwenye turubai, na hakuna mtu wa kumsaidia kuukusanya, ni balaa. Tukio ni lilelile. Matakwa ya watu ndiyo yaliyobadilika.

Fanyeni mchezo wa haraka wa "Tukio au tatizo?" Wewe unataja jambo, wao wanajibu na kueleza. Baiskeli imepata pancha. Kuku ametaga. Giza limeingia. Mwalimu hakuja. Kila jibu lazima liambatane na "kwa sababu alitaka…" Mchezo huu unafaa mkiwa njiani kwenda shamba au mkichambua mchele.

8. Tafuteni tatizo lililo moyoni

Si kila kikwazo ni mto uliofurika au simba njiani. Kuna mtoto katika hadithi anayetaka kujibu darasani lakini anaogopa kuchekwa. Kuna Fisi anayetaka karamu mbili kwa wakati mmoja, akashindwa kuchagua njia panda. Kuna ndugu anayemwonea wivu ndugu yake. Hapo kikwazo kimo ndani ya mhusika mwenyewe, na watoto wadogo hawakioni mpaka waulizwe.

Muulize: "Kama simba angeondoka njiani, je, mhusika huyu angekuwa amepona shida yake?" Kama jibu ni ndiyo, tatizo lilikuwa la nje. Kama angebaki na shida, chunguzeni moyo wake. Kwa watoto wa darasa la tano na la sita swali hili linawafungulia mlango wa fasihi yote watakayoisoma sekondari.

9. Pimeni suluhisho, msilipokee tu

Suluhisho la hadithi si lazima liwe jema. Wapeni watoto maswali matatu ya kulipima: Limefanya kazi? Nani ameumia? Kulikuwa na njia bora zaidi?

Chukueni visa vya Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi. Tajiri anamshitaki maskini aliyekula chakula chake kikavu huku akinusa harufu ya mapishi ya tajiri; anadai alipwe kwa harufu ile. Abunuwasi anachukua fedha, anaziliza mbele ya watu, kisha anamwambia tajiri kwamba aliyeuza harufu amelipwa kwa mlio. Suluhisho limefanya kazi, hakuna aliyeumia isipokuwa tamaa ya tajiri, na ni vigumu kupata njia bora zaidi.

Sasa linganisheni na Sungura anayemhadaa Fisi kwa asali ili aibe maji ambayo hakuyachimba. Hila zake pia zilifanya kazi kwa muda, lakini waliotoka jasho waliumia, na njia bora ilikuwepo tangu mwanzo: kushika jembe na kuchimba na wenzake. Watoto wanampenda Sungura, na wana haki ya kumpenda. Waacheni wamcheke na kumshangilia, kisha wampime. Mtoto aliyezoea kuuliza "nani ameumia?" hatakubali upesi kila ujanja utakaoletwa mbele yake ukubwani.

10. Ruhusu lugha ya nyumbani

Katika kata moja ya Katavi unaweza kukuta Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma wakiishi jirani. Watoto wengi huja shuleni wakiwa wamekwisha kusikia hadithi nyingi, lakini kwa lugha ya mama. Mtoto akikwama kueleza tatizo kwa Kiswahili, mwache aeleze kwanza kwa lugha anayoiota usiku. Kisha msaidiane kulileta jibu kwa Kiswahili. Ukimlazimisha kupata wazo na neno kwa pamoja, mara nyingi anavipoteza vyote viwili.

Wazee nao ni walimu wasioandikiwa ratiba. Wasukuma wana mila ya shikome, moto wa jioni ambapo wanaume na vijana walikaa na vijana wakafunzwa kwa visa na mafumbo. Wabende wana simulizi za Katabi, roho ya mwindaji ambaye jina la Katavi linatokana naye. Karibu na Ziwa Katavi upo mkwaju unaoheshimiwa, ambapo watu wameacha sadaka wakiomba baraka. Mtume mtoto kwa babu au bibi na kazi moja: asikilize kisa, arudi na vidole vitano. Hapo jambo la kwanza la kuuliza ni lilelile: waliokwenda kwenye mkwaju ule, walitaka nini?

Mkumbushe mtoto adabu. Asimkatize mzee katikati ya hadithi kwa maswali. Asubiri imalizike, ashukuru, kisha aulize.

11. Mwalimu mwenye darasa kubwa na kitabu kimoja, fanya hivi

Soma hadithi kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza wasikilize tu. Kabla ya mara ya pili wape kila safu ya madawati kidole chake: safu ya kwanza inamsikiliza Nani, ya pili Alitaka nini, na kuendelea hadi ya tano. Ukimaliza kusoma, kila safu inashauriana kwa kunong'ona, kisha mmoja anasimama na kujibu. Darasa zima limefanya kazi na hukuhitaji kurudufu karatasi hata moja.

Ubaoni chora nguzo mbili, kushoto "Tatizo", kulia "Suluhisho", na katikati mshale. Juu ya mshale waandike "kwa sababu". Mwanafunzi asikubaliwe kuunganisha nguzo hizo bila kusema kwa nini suluhisho hili linalifaa tatizo lile. Kama chaki ni haba, tumieni mchanga wa uwanjani na vijiti.

Mtoto akitoa jibu lisilo sahihi, usiseme "hapana" ukapita kwa mwingine. Muulize, "Umelijuaje? Nioneshe katika hadithi." Mara nyingine atagundua mwenyewe kwamba alikisia. Mara nyingine atakuonesha sentensi ambayo hukuitilia maanani, na jibu lake litakuwa bora kuliko lililo nyuma ya kitabu. Katika hali zote mbili amejifunza kwamba jibu hutoka kwenye hadithi, halitoki usoni mwa mwalimu.

Kwa wenye runinga, vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa Tanzania mwaka 2014, vinafaa kwa zoezi hilihili, maana wahusika wake hukutana na shida na kuitatua kwa kutumia hesabu na sayansi. Tazameni pamoja, kisha hesabuni vidole.

12. Pandeni hadi hadithi za kweli, zisizo na mbaya wala mwema

Mtoto akishaimudu Sungura na Fisi, mpe kisa cha mto unaopita karibu naye. Mto Katuma unapita katika eneo la Mpanda, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake yanaendelea kupitia Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Kiangazi kikikolea, viboko hurundikana kwa mamia katika madimbwi machache yaliyobaki hifadhini, wakipigana na wengine kufa. Watafiti wameeleza kwamba kuchepushwa kwa maji upande wa juu kwa ajili ya kilimo, hasa cha mpunga, ni mojawapo ya sababu za mto kupungukiwa.

Haya, nani anataka nini? Mkulima anataka maji ili mpunga uive na watoto wapate sare na chakula. Kiboko anataka maji ili aishi. Mfugaji anataka kunywesha ng'ombe. Askari wa hifadhi anataka mto ufike Ziwa Katavi. Hakuna mwizi wa kunaswa kwa ulimbo hapa. Wote wana haja ya kweli, na kikwazo cha kila mmoja kimeshikamana na haja ya mwenzake.

Waulize watoto wakubwa: tufanyeje? Watataja mifereji isiyovujisha, zamu za maji, mabwawa ya kuhifadhi mvua, kutolima hadi ukingoni mwa mto, kupanda miti kwenye vyanzo. Yapimeni yote kwa maswali matatu ya kidokezo cha 9. Hawatapata jibu moja la mwisho, na hilo lisikusumbue. Wameingia katika mjadala ambao baba na mama zao, serikali za vijiji na wataalamu wa maji wanao kila mwaka, na wameingia wakiwa na njia ya kufikiri.

Sasa anza

Chagua hadithi moja wiki hii, fupi, unayoipenda mwenyewe. Isimulie kwa sauti yenye uhai, na watoto waitikie "Hadithi njoo!" kama ilivyo desturi. Ukimaliza usiulize maswali kumi. Uliza la kwanza tu, anataka nini, na usikilize jibu hadi mwisho. Wiki ijayo ongeza kidole kingine. Baada ya mwezi geuzeni: mtoto awe msimulizi, atunge kisa chenye mtu anayetaka kitu, kikwazo, majaribio na mwisho, nawe uwe wa kuhesabu vidole.

Mzazi mwenzangu, mwalimu mwenzangu, kazi hii tusiwaachie watunga mitihani. Mtoto anayeweza kulitaja tatizo kwa usahihi amekwishafika nusu ya kulitatua, na Kakese, kama kila kata na kijiji cha Tanzania, itahitaji watu wa namna hiyo mashambani, kwenye mikutano ya kijiji na katika ofisi za umma. Tuwalee sasa, wangali wanapenda kusimuliwa.